Kilomita Tisa za Mchangani

Tawi la mkola lilikwangua paa la gari kuanzia mbele hadi nyuma, na huko juu kitu kikakatika. Zahid hakupunguza mwendo. Mzee Masele, aliyekaa nyuma akiikumbatia pampu isimwangukie, alisema, "Taratibu, bosi. Pori hili halikimbii." Naznin, aliyekaa mbele kando ya kaka yake, ndiye peke yake aliyeona taa ndogo ya kijani kwenye kona ya kioo cha mtambo ikizimika, na ya njano ikiwaka badala yake.

Alijua maana yake, maana yeye ndiye aliyeufunga mtambo ule. Akanyamaza.

Ili mtu amlaumu vizuri, inafaa ajue alinyamazia nini. Ilikuwa Septemba ya mwaka tisini na saba. Mvua zilikuwa zimegoma, na mifugo ilikuwa ikifa kutoka Shinyanga hadi Bukombe. Zahid alikuwa na duka la spea Kahama. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa ameletewa mabaki ya gari la Kijapani lililopondeka, na ndani ya dashibodi yake mlikuwa na kioo kidogo kama cha televisheni, kikiwa bado kizima. Akampelekea dada yake Shinyanga. Naznin alikuwa fundi wa saa na redio. Duka alilirithi kwa baba yao, pamoja na miwani ya kukuzia na tabia ya kutokubali kwamba kitu hakitengenezeki. Alikihangaikia kioo kile kwa wiki tatu, akakichomeka kwenye dashibodi ya Landikruza ya kaka yake, akafunga sanduku lake chini ya kiti, na antena yake, kitu bapa kama kitumbua, akaibandika juu ya paa.

Ramani iliyokuwemo ilikuwa ya Japani, kwa hiyo kioo kilikuwa kitupu, na kila baada ya muda sauti ya mwanamke ilisema jambo la Kijapani ambalo hakuna aliyelijali. Lakini ukifika mahali ukabonyeza kitufe, mtambo ulipakumbuka. Ukitaka kurudi, ulikuonyesha mshale na kilomita zilizobaki.

"Ni saa tu," Naznin alimweleza kaka yake siku ile dukani. "Juu huko Wamarekani wametundika setilaiti ishirini na kitu, na kila moja ina saa isiyokosea. Kila moja inatangaza: niko hapa, na sasa ni saa fulani. Tangazo likichelewa kufika, ujue iliyotangaza iko mbali. Ukizisikia nne kwa pamoja, unajua ulipo duniani."

"Na zikipotea? Chini ya miti, kwa mfano?"

"Hapo mtambo unakadiria wenyewe. Kuna waya kutoka kwenye giaboksi unaohesabu magurudumu yanavyozunguka, na kuna kidude kinachohisi gari likikata kona. Setilaiti zikisikika tena, zinarekebisha."

"Kwa hiyo hatuwezi kupotea."

"Hatuwezi," alisema Naznin, kwa kiburi cha fundi.

Asubuhi hiyohiyo ya safari, Kahama, Mzee Masele alikuwa ameshauri wapitie Ushirombo, njia ndefu anayoijua. Walikuwa wakipeleka pampu kwenye machimbo mapya ya dhahabu ndani ya pori, mahali wachimbaji walipopaita Kwa Bhoke kwa sababu mama mmoja wa Kikurya wa jina hilo ndiye aliyetangulia kupika ugali pale na kuchimba kisima. Zahid alishafika huko mara moja, akabonyeza kitufe. Sasa alitaka kukata pori moja kwa moja aokoe siku nzima. Masele akatikisa kichwa. Na Naznin, ambaye mzee huyu alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, alicheka mbele ya watu wote wa gereji akasema, "Baba Esta, mtambo huu unaona kuliko macho yako."

Ungekuwa wewe, baada ya maneno hayo, ungesema antena imeng'olewa na tawi kabla hata ya saa sita mchana? Labda ungesema. Naznin alijiambia atasema wakisimama kula. Hawakusimama kula. Mshale ulikuwa unaonyesha magharibi bado, kilomita zikipungua kama kawaida, akajipa moyo kwamba mambo si mabaya.

Walipofika kwenye mto wa mchanga, mpana na mkavu, Zahid aliuingia kwa kasi. Katikati gari likazama hadi kwenye ekseli.

Masele alichungulia mita ya safari, aliyokuwa ameirudisha sifuri Kahama, akanong'ona namba yake, akashuka. Hiyo ilikuwa desturi yake tangu alipokuwa akiendesha malori ya Isaka. Yeye na Naznin wakakata matawi, wakayasukumiza chini ya matairi. Zahid akakanyaga mafuta. Magurudumu yalizunguka, mchanga ukaruka hadi kifuani, gari likatikisika palepale. Wakachimba kwa mikono, wakaweka matawi mengine, akakanyaga tena. Masele alimwambia apumzishe klachi. Zahid alikuwa amekasirika, naye mwenye gari akikasirika hasikii la mtu. Kwa zaidi ya saa mbili, kwa vipindi, magurudumu yalinguruma mchangani. Ndani ya gari yule mwanamke wa Kijapani akasema jambo lake kwa sauti ya upole.

Mwishowe Masele akaleta jeki ndefu, akainua ubavu wa nyuma ili waweke mawe chini ya tairi. Zahid hakuona vizuri, au alidhani mzee ametoka. Akakanyaga mafuta mara moja tu. Gari likayumba, jeki ikachomoka, na ubavu wote ukashuka juu ya mguu wa Mzee Masele.

Hakupiga kelele. Alisema, "Aah, aah, aah," mara tatu, kama mtu anayekumbuka kitu alichosahau nyumbani.

Walipofukua mchanga na kumtoa, mfupa wa muundi ulikuwa umetokeza nje. Naznin alikuwa na chupa ya spiriti aliyotumia kusafishia redio. Aliimimina yote kwenye jeraha, na mzee akauma mkono wake mwenyewe hadi damu. Wakafunga mguu kwa mbao za sanduku la pampu na mtandio wa Naznin.

"Wabeja, ng'wana wane," Masele akamshukuru kwa Kisukuma. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

Zahid akarudi kwenye usukani na kuwasha gari. Injini iliwaka, lakini alipoingiza gia hakuna kilichotokea, ila harufu ya kuungua. Klachi ilikuwa imekwisha. Akakaa mikono ikiwa mapajani, akatazama kioo cha mtambo, kwa kuwa hakuna kingine cha kutazama.

"Saba," akasema. "Zimebaki kilomita saba. Naz, saba tu! Tunambeba."

"Saba?" aliuliza Masele kutoka chini. "Haiwezekani. Kwa Bhoke udongo ni mwekundu, na miti ni mirefu. Hapa bado ni mikola na mchanga. Mimi naona bado sana."

"Mzee, umeumia. Tulia. Setilaiti zinaona."

Akamgeukia dada yake athibitishe. Naznin alikuwa akiosha damu mikononi kwa mchanga. Angeweza kusema pale. Aliona haya, na sasa haya ilikuwa imechanganyika na hofu, maana kusema kungekuwa ni kumwambia mzee aliyelala pale kwamba kiburi cha Naznin kingemgharimu mguu. Halafu, alijiambia, kilomita saba si mbali sana na ukweli. Pengine mtambo umekosea kilomita moja, basi.

"Twende asubuhi, jua likiwa bado chini," ndivyo alivyosema.

Alfajiri ya Jumatano walikata miti miwili, wakaifunga turubai katikati, wakapata machela. Dumu lilikuwa na maji lita tisa. Kabla hawajamwinua, Masele aliinua kidole.

"Naz. Soma mita ya safari, uandike mlangoni kwa chaki. Gari likifia porini huliachi bila kuliandika kilomita. Atakayekuja na spea atalipataje?"

Naznin akasoma, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: KAHAMA 130. Wakaondoka.

Kilomita saba ni kitu kidogo kwa mtu mwenye mikono mitupu. Kwa watu wawili wenye machela, mchangani, mwezi wa tisa, ni kitu kingine kabisa. Zahid alikuwa mnene, mtu wa kukaa dukani. Baada ya nusu saa viganja vyake vilikuwa vimechubuka, na baada ya saa moja akawa anabeba kwa mkanda aliouzungusha shingoni. Mbung'o waliwafuata tangu mtoni. Wanauma kupitia shati, wanauma kupitia soksi, na mtu aliyeshika machela hana mkono wa kuwapiga. Walimfunika Masele shati la Zahid, nao wakavumilia.

Naznin alishika magharibi kwa dira ndogo iliyokuwa kwenye mkanda wa saa yake. Alihesabu hatua. Kila hatua elfu moja na mia nne, yaani kilomita moja, alifunga fundo moja kwenye kamba iliyoning'inia kiunoni. Wakati wa kupumzika walikunywa vifuniko vitatu kila mmoja, mzee vinne.

"Kunywa taratibu," Masele alimwambia Zahid. "Yashike mdomoni kwanza."

Fundo la saba alilifunga saa nane mchana. Waliteremsha machela, wakatazama.

Mikola, vichuguu, na nyasi za kijivu zilizolala kwa kiu. Hakuna moshi, wala njia, wala mtu. Zahid aliita kwa nguvu, "Wachimbajiii!" Pori likammeza kana kwamba hajasema kitu.

Naznin alifunga kipande cha kitambaa chekundu juu ya tawi ili wajue walipofikia. Wakamwacha mzee kivulini, wakatafuta, yeye kaskazini na Zahid kusini, wakihesabu hatua na kurudi. Walitafuta hadi jua likakaribia kuzama. Hawakupata hata kinyesi cha ng'ombe.

Hapo Zahid aliharibikiwa. Alianza kumsema Masele. Kwamba ndiye aliyewaambia wazunguke kichuguu kile kikubwa kwa kulia, kwamba wangepita kushoto wangefika, kwamba mzee amekuwa mzito wa mwili na wa akili. Ni maneno ambayo hakuyaamini hata yeye mwenyewe, lakini mtu mwenye hofu hutafuta wa kumtwisha. Masele alifumba macho. Naznin alisikiliza yote. Alitamani ardhi ipasuke immeze, naye akaendelea kunyamaza, na kwa kunyamaza huko hakujisamehe hata miaka mingi baadaye.

Alhamisi asubuhi maji yalibaki nusu lita. Ndimi zilikuwa zimevimba, na midomo ya Zahid ilikuwa imepasuka kwa mistari myeusi. Mguu wa Masele ulivimba hadi paja, na mtandio ulipofunguliwa ukatoa harufu ambayo Naznin aliijua kutoka buchani. Mzee alikuwa na homa.

"Minzi," alisema kwa Kisukuma, akiomba maji. Wakampa kifuniko.

"Tunarudi kwenye gari," alisema Zahid. Sauti yake ilikuwa imebaki kama ya kukwaruza. "Rejeta ina maji. Lita kumi, hata kumi na mbili. Tutakunywa, tutakaa, watatutafuta."

"Nani atatutafuta? Nani anajua tulipita wapi?"

"Una shauri lingine, Naz? Lete."

Shauri la Zahid lilikuwa zuri, kwa kweli, kama huhesabu mguu. Zahid alikuwa tayari ameshainama kushika mti wa machela, Masele akafumbua macho.

"Mkipata fundi," alisema polepole, "mwambieni ni klachi. Mwambieni gari liko kilomita mia na ishirini na moja."

"Mia na thelathini, Baba Esta," Naznin alimrekebisha. "Niliandika mwenyewe."

"Uliandika vibaya. Tulipozama ilikuwa mia na ishirini na moja. Niliisoma kabla sijashuka. Mimi mita sikosei."

"Nami nilisoma vizuri, ilikuwa mia na..."

Akaishia hapo. Gari halikusogea hata mita moja baada ya kuzama. Kilomita tisa zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye magurudumu. Yalizunguka mchangani saa mbili na zaidi, na waya wa giaboksi ukayahesabu, mzunguko kwa mzunguko, kama kazi yake ilivyo. Mita ya safari ikadhani gari linatembea. Na mtambo, usiosikia chochote kutoka juu, ukadhani hivyohivyo. Gari lilikaa shimoni huku kwenye kioo likisonga magharibi kilomita tisa. Kwa Bhoke hapakuwa kilomita saba kutoka mtoni. Palikuwa kumi na sita. Walikuwa wametembea saba, wakasimama, na kupoteza nusu siku wakitafuta watu waliokuwa kilomita tisa mbele yao.

Naznin alikaa chini. Akawaeleza. Alieleza vizuri, na alijua hapo mwisho kutakuwa na swali.

"Haiwezekani," alisema Zahid. "Mtambo ukikosea, setilaiti zinarekebisha. Uliniambia mwenyewe, dukani kwako."

"Hazikuwa zinasikika."

"Umejuaje?"

Mbung'o mmoja alitua kwenye shavu lake, na hakumfukuza.

"Antena ilikatwa na lile tawi. Kabla ya mto. Niliona taa ya njano ikiwaka, kaka. Niliona tangu wakati ule, nikanyamaza. Niliona haya. Na mtoni uliponiangalia nikanyamaza tena. Jana ulipokuwa ukimtukana Baba Esta, pia."

Zahid aliinua mkono kumpiga. Mkono ukakaa hewani, kisha akautumia kujifunika uso, akalia bila machozi, maana mwili haukuwa na maji ya kutoa. "Tangu asubuhi ile," alisema. "Tangu asubuhi ile ulijua! Tungegeuza. Tungekuwa nyumbani. Mzee angekuwa na mguu wake."

"Najua."

"Hujui kitu!"

"Gombaneni polepole, mnamaliza mate," alisema Masele. Wakageuka. Alikuwa akimtazama Naznin, na macho yake yalikuwa mekundu kwa homa, lakini akili ilikuwemo. Kisha mzee akauliza, "Tisa?"

"Tisa."

"Mbele au nyuma?"

"Mbele. Magharibi hiihii."

"Nilisema bado," alisema, na kitu kama kicheko kikamkwama kooni. "Basi mbele."

"Na kama amekosea tena?" Zahid aliuliza. Hakumwangalia dada yake. Alimuuliza mzee, kana kwamba Naznin hayupo.

Naznin ndiye aliyejibu. "Nikikosea tunakufa. Tukirudi kwenye gari tutakunywa maji ya rejeta siku mbili, tatu, na tutakuwa kilomita kumi na sita badala ya tisa. Mimi na wewe pengine tutaokolewa. Mguu wake hauna siku mbili. Nusa."

Zahid alinusa. Akainama, akashika mti wa machela upande wa kichwani, uliokuwa mzito zaidi.

Walikunywa maji ya mwisho kwenye fundo la kumi. Zahid alitembea mdomo wazi, akianguka magoti kila baada ya hatua mia, na kila mara akiinuka. Jambo moja watu wa Kahama hawakulijua juu ya Zahid, kwamba mwili ule wa kukaa dukani ulikuwa na ukaidi wa punda. Kubeba kuliposhindikana, walifunga miti kwa mikanda wakaiburuta, miguu ya machela ikichora mistari miwili mchangani. Kila kisiki kilipogongwa Masele alitoa sauti. Naznin aliomba Mungu azidishe visiki, maana sauti ile ilimwambia mzee yuko hai. Kisha akaomba msamaha kwa kuomba hivyo.

Kwenye fundo la kumi na tatu Zahid alianguka, na safari hii hakuinuka. Alijaribu. Mikono ilijaribu, magoti yalijaribu. Akalala kifudifudi kando ya machela, akamshika Masele kidole, kama mtoto anayeogopa kupotezana na mtu sokoni.

"Nenda," alimwambia Naznin. Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu asubuhi.

Masele alikuwa ameangusha mkono mmoja chini. Vidole vyake vilichukua udongo, vikausaga, akausogeza karibu na jicho.

"Mwekundu," alisema.

Naznin alitazama chini ya miguu yake. Udongo ulikuwa mwekundu. Na miti, ambayo hakuwa ameitazama kwa saa nzima kwa sababu alikuwa akitazama dira, ilikuwa mirefu.

Aliwawekea kivuli kwa matawi. Alivua blauzi ya juu akaifunga kwenye tawi, akaondoka na fulana. Alihesabu hatua kwa sauti, kwa sababu akiacha kuhesabu alianza kuona mambo. Alimwona baba yake amekaa juu ya kichuguu na miwani yake ya kukuzia. Akampita. Kwenye fundo la kumi na nne na nusu alisikia mapigo, du, du, du, akadhani ni moyo wake unaelekea kusimama. Alijishika kifua. Moyo ulikuwa ukienda upesi, tena bila mpangilio. Mapigo yale yalikuwa ya taratibu, na yalikuwa ya chuma.

Watu walikuwa wakitwanga mawe ya dhahabu.

Alijaribu kukimbia akaanguka, akatambaa, akainuka. Wachimbaji waliokuwa wakitwanga mwanzoni walidhani ni kichaa. Mwanamke mnene akamdaka kabla hajaanguka kwenye duara, shimo la machimbo lililoachwa wazi, akamkalisha, akaleta kata ya maji.

Naznin alifumba mdomo na kuyakataa.

"Kunywa, wewe! Utakufa."

"Wawili," alisema. Ulimi haukutii, ikabidi aseme tena. "Wako wawili nyuma. Mashariki. Hatua elfu nne. Kuna blauzi mtini. Mzee ameumia. Niapie watakwenda."

Mama Bhoke, maana ndiye, aligeuka akapiga ukelele mmoja, na wanaume wanane waliacha vyuma vyao chini wakachukua baiskeli na madumu. Naznin aliwatazama mpaka wa mwisho akapotea mitini. Ndipo akafumbua mdomo, na Bhoke akamnywesha kwa kijiko, akimnyang'anya kata kila alipoing'ang'ania. Waliporudi na Zahid akiwa amelazwa juu ya baiskeli na Masele mabegani mwa watu wanne, Naznin alikuwa bado anahesabu hatua kwa sauti, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Mguu wa Masele ulikatwa chini ya goti, hospitalini, siku ya Jumamosi. Daktari alisema siku moja zaidi angekuwa anaandika cheti cha kifo. Dereva wa miaka thelathini na minne kazini hangeendesha tena. Zahid aliwaambia ndugu na majirani wote kwamba gari liliharibika porini, basi, akaishia hapo. Usiku alikaa kwenye benchi nje ya wodi, na dada yake alipoketi hakuhama.

Mkewe Masele, Martina, alifika Jumapili kutoka Isaka kwa lori la mizigo, akiwa na sufuria na unga wa uji. Naznin alisimama mlangoni, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mama Esta."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Zahid ameniambia gari liliwaharibikia."

Ingekuwa rahisi. Zahid alikuwa amesimama palepale, akimtazama dada yake, na macho yake yalikuwa yanamsihi akubali. Naznin akasema hapana, halikuharibika lenyewe. Akamweleza mama yule tawi, na taa, na haya, na mto, na jinsi mumewe alivyosema bado wakamwambia atulie. Hakuacha kitu. Alipomaliza, Martina alikuwa ameshika sufuria kwa mikono yote miwili.

"Ningejua," alisema, "nisingeitikia shikamoo yako." Akapita, akaenda kitandani kwa mumewe. Akasema bila kugeuka, "Usiniamkie tena."

Naznin alirudi kesho yake, na keshokutwa. Alifua mashuka, alimgeuza mzee, aliosha kidonda ambacho manesi walimfundisha kuosha. Masele alimwita Naz kama zamani na kumtania kwamba sasa ni zamu yake mzee kubebwa. Martina alipoingia, Naznin aliinamisha kichwa na kutoka nje kimya, na Martina akapita kana kwamba pale mlangoni hakuna mtu. Ikawa hivyo wiki moja, ikawa hivyo wiki ya pili.

Siku ya kumi na saba Martina alikuwa amechuchumaa uani, akikoroga uji kwenye jiko la mkaa. Naznin alikuja na ndoo ya maji, akaiweka, akainamisha kichwa, akageuka kuondoka.

"Wewe Naz," alisema Martina, macho yake yakiwa kwenye uji.

"Abee."

"Shikamoo yangu iko wapi?"

Naznin aligeuka, akapiga goti kando ya jiko.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Shika hili bakuli. Mpelekee baba yako kabla uji haujapoa, na umshikie kijiko. Mimi nikimlisha nalia, naye hapendi."